Chapuo, vumi na msondo kwa jukwaa la tamthilia: mapitio ya ngoma za kuwambwa, na kwa nini djembe isubiri

Kikundi cha tamthilia chenye fedha za ngoma tatu tu kiagize chapuo moja, vumi moja na msondo mmoja, kwa fundi anayechonga na kuwamba mwenyewe. Djembe, ngoma ya Afrika Magharibi inayokazwa kwa kamba, ibaki dukani kwa sasa. Katika mchezo uliojengwa juu ya utambaji na ngoma zetu, ngoma ni mhusika. Huita, hujibu, humkatiza mtu maneno, hunyamaza. Ngoma isiyoweza kunyamaza humeza waigizaji, na ngoma isiyo na lugha ya mahali mchezo ulikotoka huishia kuwa ya kuchangamsha ukumbi tu.

Tumepima aina tatu zinazopatikana bila shida Dar es Salaam, Bagamoyo na Unguja: ngoma zilizowambwa kwa vigingi vya mti, djembe za kamba, na konga, zile ngoma ndefu za mtindo wa Kuba, za kiwandani zenye uso wa plastiki. Kipimo ni jukwaa, yaani ukumbi wa watu 200 hadi 400, waigizaji wasio na maikrofoni, mchezo wa saa moja na nusu. Ngoma inayofaa harusini au ufukweni kwa watalii ina sifa nyingine, na sizo tunazozitafuta hapa.

Ngoma tatu za kuanzia

Chapuo ndiyo ndogo na ndiyo msemaji. Agiza ya urefu wa sentimita 45, mdomo wa sentimita 18 hadi 20, ngozi ya mbuzi. Hupigwa kwa viganja au kwa fito nyembamba. Kwa mchezo wenye mazungumzo mengi chagua viganja, kwa sababu fito hutoa mlio mkavu unaoangukia palepale penye herufi za k, t na ch, na mtazamaji wa safu ya kumi hukosa nusu ya maneno.

Vumi, kama jina linavyosema, huvuma. Mdomo wa sentimita 35 hadi 40, urefu wa sentimita 65, ngozi ya ng'ombe. Hii haipigwi mfululizo. Iwekee pigo moja kabla mfalme hajaingia, au pigo moja baada ya siri kutamkwa, kisha kimya. Watazamaji watalisikia kifuani. Vikundi vingi huharibu vumi kwa kuipiga tangu mwanzo hadi mwisho, na inapofika zamu yake ya kusema jambo zito haina tena uzito wowote.

Msondo ni mrefu na mwembamba: sentimita 100 hadi 110, mdomo wa sentimita 22. Mpigaji huufunga kiunoni kwa kanga na kuupanda, nao huning'inia mbele yake. Marehemu Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, ndiye aliyewaonyesha walimwengu jinsi mwanamke anavyoweza kuutawala msondo akiwa amesimama. Kwa mwongozaji, faida yake kubwa ni hii: ni ngoma inayotembea. Mpigaji anaweza kuingia katika onyesho, akamfuata mwigizaji, akamzunguka, akamzuia njia. Ngoma iliyokaa chini haiwezi hayo. Ndiyo maana uzito ni suala la kwanza kuliuliza kwa fundi. Msondo usizidi kilo 7. Ukizidi, mpigaji huchoka kabla ya robo saa na mwendo wake hugeuka kuwa wa mtu aliyebeba mzigo.

Mti

Mwembe na mfenesi ndiyo miti tunayoipendekeza kwa pwani. Hupatikana, huchongeka, na ukuta wake hustahimili vigingi. Mringaringa ni bora zaidi pale unapopatikana. Ni mti uleule ambao Warundi huuita umuvugangoma, mti unaoisemesha ngoma, na ndiko zinakotoka ngoma zao za kifalme, ambazo uchezaji wake UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi mwaka 2014. Mninga na mkongo hutoa ngoma za kupendeza macho lakini nzito, na bei yake ni ya mbao za samani. Mnazi una tabia yake: gamba la nje ni gumu, moyo ni laini, kwa hiyo fundi huutoboa haraka, ila nyuzi za mdomo huchanika na vigingi hulegea. Ukiletewa ngoma ya mnazi, hakikisha imetoka sehemu ya chini ya shina la mti mzee.

Ukuta uwe na unene wa sentimita 2 kwa chapuo na msondo, 2.5 kwa vumi. Chini ya sentimita 1.5 kigingi hupasua mti; juu ya 3 ngoma hupata uzito bila kuongeza sauti.

Kasoro inayorudi mara nyingi kuliko zote ni mti mbichi. Fundi anayeshinikizwa na mteja huchonga gogo lililokatwa wiki iliyopita, na baada ya miezi miwili ufa hutokea mdomoni ukashuka. Igonge ubavuni kwa kifundo cha kidole: mti mkavu huitika, mbichi hutoa sauti ya kitu kilichofunikwa. Inua uone uzito. Nusa ndani. Ufa mwembamba kama unywele katikati ya shina huzibwa kwa unga wa mbao na gundi na ngoma ikaendelea kuishi miaka. Ufa unaopita kwenye tundu la kigingi ni wa kuikataa ngoma, hata ukipunguziwa bei. Tazama pia chini ya ngoma iliyokaa dukani: vumbi laini kama unga maana yake kuna wadudu wanaobungua, na watahamia kwenye ngoma zako nyingine.

Ngozi, ambako ngoma hufa au huishi

Waswahili husema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na fundi mbovu hufanya hivyohivyo: huvuta upande aliosimama. Matokeo yake ni ngoma yenye sauti mbili. Piga kwa kidole kimoja kuzunguka ukingo, pigo kila baada ya sentimita tano. Ikiwa upande mmoja uko juu na mwingine chini, ngozi imevutwa kwa upendeleo, na hakuna moto utakaoisawazisha.

Kazi ikifanywa vizuri huenda hivi. Ngozi hulowekwa majini kwa saa 12 hadi 24 mpaka iwe laini kama kitambaa. Hutandazwa mdomoni, kigingi cha kwanza hupigwa, cha pili hupigwa upande wa pili kabisa unaokikabili, kisha kulia, kisha kushoto, na kuendelea hivyo kwa kukabilishana. Vigingi viwe vya mti mgumu kuliko shina, umbali wa sentimita 3 hadi 4 kati yake, vikielekea chini kidogo ili ngozi inapokauka na kujikaza iviingize ndani badala ya kuving'oa. Kisha ngoma huachwa kivulini siku mbili au tatu. Anayeianika juani ili aikabidhi kesho anaiua: uso hukauka kabla ya ukingo, na ngozi hupasuka kwenye vigingi.

Uliza swali moja ambalo wanunuzi wengi hawalijui: ngozi ilihifadhiwa kwa chumvi? Ngozi nyingi za machinjioni hutiwa chumvi zisioze. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na ngoma iliyowambwa kwa ngozi ya chumvi isiyooshwa vizuri haitakauka masika nzima. Mlio wake ni wa mtu mwenye mafua kuanzia Machi hadi Mei. Ngozi iliyokaushwa bila chumvi ndiyo ya kuagiza, au iliyolowekwa na kubadilishwa maji mara tatu nne. Ukiweza kuiona kabla haijawambwa, iinue kwenye mwanga. Sehemu inayong'aa kuliko nyingine ni pale kisu cha mchunaji kilipopita karibu, na hapo ndipo itakapotoboka.

Ngozi ya kenge ikatae. Mlio wake ni mzuri na ina historia, hasa Uganda, lakini biashara ya kimataifa ya kenge inadhibitiwa kwa mkataba, na kikundi kinachoalikwa nje ya nchi kitanyang'anywa ngoma uwanja wa ndege.

Moto, na ukumbi usioruhusu moto

Ngozi hunywa unyevu na kulegea. Moto huurudisha mlio. Nje, kazi ni rahisi: moto wa makuti au makaratasi, ngoma ikiuelekea kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, mpigaji akiizungusha na kuigonga mpaka sauti ifunguke. Harufu ya nywele zinazoungua ikitokea, umeshachelewa. Makaa yaliyosogezwa karibu ni hatari zaidi kuliko ndimi za moto, kwa kuwa hukausha sehemu moja kabla ya nyingine.

Ukumbi wa kisasa hauna nafasi ya makuti, na hapa ndipo ngoma ya vigingi inapopoteza alama. Kwenye unyevu wa pwani mlio huanza kushuka ndani ya nusu saa, na mchezo wa dakika 90 hupata chapuo iliyochoka katika onyesho la mwisho, ambalo kwa kawaida ndilo linaloihitaji. Suluhisho linalofanya kazi ni taa ya halojeni ya wati 500 nyuma ya pazia, ngoma ikiwa umbali wa nusu mita, dakika tano hadi saba kila upande. Panga katika mchezo wenyewe: onyesho moja la kimya, au la kayamba peke yake, ambapo mpigaji hutoka na ngoma yake kuipasha. Mwongozaji asiyeandika muda huo kwenye ratiba atauandika baada ya onyesho la kwanza.

Kiyoyozi kina madhara ya upande wa pili. Hewa kavu huikaza ngozi kupita kiasi, hasa ikiwa imetoka moja kwa moja kwenye moto. Ngoma ya vigingi haiwezi kulegezwa, kwa hiyo ifunike kwa kanga yenye unyevu kidogo mpaka dakika kumi kabla ya kuingia. Vivyo hivyo kwa safari za Ulaya wakati wa baridi: hewa ya ndani iliyopashwa joto imepasua chapuo nyingi usiku mmoja hotelini. Kwa Australia na New Zealand, ambako ngozi na mti wa asili hukaguliwa kwa ukali, peleleza masharti miezi kadhaa mapema au azima ngoma huko huko.

Djembe

Tuseme sifa zake kwa haki. Djembe nzuri, ngoma ya Mali na Guinea, hukazwa kwa kamba pale ulipokaa, bila moto, kwa dakika kumi. Ina milio mitatu iliyo wazi: wa chini, wa kati na kofi. Kwa warsha ya vijana wa mjini wasiowahi kugusa ngoma, ni mwalimu mpole.

Jukwaani penye maneno inashindwa. Kofi lake ni kali na hupenya, limetengenezwa kwa ajili ya uwanja wa wazi penye wachezaji wengi, na hakuna mwigizaji anayeweza kushindana nalo. La pili linatuuma zaidi. Mchezo unaosimulia habari za Wazaramo au Wadigo ukafunguliwa kwa mdundo wa Afrika Magharibi umeshaeleza kwa sauti kuwa waundaji wake hawakwenda kusikiliza. Mtazamaji mzee aliyekaa safu ya mbele hulitambua hilo kabla ya mstari wa kwanza kusemwa.

Zile za maduka ya vinyago, zilizochorwa tembo na twiga, ni za kupamba sebule. Kamba zake za nailoni hunyumbuka, pete ni za chuma chembamba kinachopinda ukivuta kwa nguvu, na chini mara nyingi hazijatobolewa vya kutosha, hivyo mlio wa chini haupo.

Konga ya kiwandani

Haidhuriwi na masika wala kiyoyozi, hukazwa kwa spana, na mlio wake leo ndio wa kesho. Mlio wenyewe ni wa plastiki, una mng'ao usio na nyama. Tunaipa kazi moja: akiba. Kikundi kinachozunguka mikoani kiwe nayo moja garini, kwa siku ambayo mvua imenyesha kutwa na umeme wa kupashia ngoma umekatika. Kitambaa cha pamba kilichobandikwa chini ya uso kwa utepe huipunguzia mng'ao.

Mahali pa kuweka ngoma

Tangu miaka ya 1960, vikundi vya taifa vilipoanza kupanga ngoma za vijijini kwa ajili ya jukwaa, duara lilifunguliwa likawa mstari unaowaelekea watazamaji, na wapigaji wakasukumwa nyuma. Ukumbi mwingi bado unawaweka huko. Ni makosa ya kisauti na ya kiuigizaji. Ngoma iliyo nyuma hupeleka sauti juu ya migongo ya waigizaji, nao hupandisha sauti bila kujijua mpaka wakakaukwa koo katikati ya mchezo. Na mpigaji wa ngoma za kuchezwa, kama sindimba ya Wamakonde au msewe wa Pemba, hufuata miguu na viuno vya wachezaji. Akiwa nyuma ya pazia la miili haoni kitu.

Waweke wapigaji pembeni mbele, wakilikata jukwaa kimshazari, wakiwaona waigizaji na wakionekana. Chini ya vumi weka mkeka, na chini ya mkeka kipande cha mpira wa sentimita moja au mbili, hata wa tairi kuukuu. Jukwaa la mbao huigeuza vumi kuwa tetemeko. Mpira huirudisha kuwa ngoma. Kisha fanya jaribio: mwigizaji aseme mstari mrefu kwa sauti ya kawaida huku chapuo ikipigwa, na mtu asiyeujua mchezo akae safu ya mwisho ayaandike maneno anayoyasikia. Akikosa zaidi ya neno moja au mawili, punguza ngoma, usimwambie mwigizaji apige kelele.

Vya kuongezea, na tahadhari kwa fundi sauti

Njuga ni nafuu na huleta uhai, ila mwigizaji aliyezivaa hawezi kupita kimya hata hatua moja. Zivaliwe kwa mkanda wa kufunga na kufungua haraka, si kwa kamba ya mafundo. Msewe wa Pemba, njuga ya majani ya kusuka inayovaliwa katika ngoma ya jina hilohilo, una mlio mwororo zaidi na hufaa ukumbi mdogo. Kayamba la matete ndilo tunalolisifu kuliko vyote kwa bei yake: likiinamishwa polepole ni bahari, likitikiswa ni mvua, na linamsaidia mwongozaji kuachana na sauti za kurekodiwa. Kagua tu mafundo ya katani. Yakilegea, matete huachana na mbegu humwagika jukwaani.

Ilimba ya Wagogo, sanduku lenye vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, inahitaji maikrofoni ukumbini, na hapo tatizo huanza. Tundu la sanduku lake huzibwa kwa utando wa buibui ili lizizime, na mzizimo huo ni sehemu ya sauti aliyoikusudia fundi, ileile ambayo mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose aliizungusha duniani hadi alipofariki mwaka 2003. Fundi sauti asiyeijua hudhani waya umeharibika, huanza kukata mlio mpaka ilimba ikabaki kama kinanda cha mtoto. Mwambie kabla ya mazoezi. Mwambie tena siku ya onyesho.

Na muheme, ngoma ya Wagogo yenye kiuno chembamba na inayoshikwa katikati ya mapaja, ni ngoma ya wanawake. Ukiitaka katika mchezo wako, waite wanawake waipige. Kwa msondo wa unyago, midundo na mafundisho ni mambo mawili: keti na makungwi, walimu wa unyago wa mahali husika, kabla ya mazoezi, waeleze onyesho zima, nao watasema lipi lipigwe mbele za watu na lipi libaki ndani. Jibu lao likibadili mchezo, ubadilike. Kikundi kilichoruka hatua hii hupata ngoma yenye mlio na wazee waliosusa.

Kuagiza na kutunza

Mpe fundi miezi miwili. Andika vipimo kwenye karatasi, chora mdomo kwa ukubwa wake halisi, na ulipe nusu. Siku ya kuchukua nenda na mpigaji, si mhasibu peke yake, na nenda asubuhi wakati hewa ina unyevu, kwa maana adhuhuri kila ngoma huwa nzuri. Omba ngozi moja ya akiba ya mbuzi, kavu, isiyokunjwa. Ikikunjwa huvunjika kwenye mkunjo.

Ngoma zinazofanyiwa mazoezi mara tatu kwa wiki huhitaji kuwambwa upya kila baada ya mwaka mmoja hadi miwili, chapuo kabla ya nyingine. Zitundike au ziweke juu ya mbao, zisiguse sakafu ya saruji, uso ukielekea ukutani mahali panya hawafiki. Panya huanza kula ukingo, karibu na vigingi, ambako mafuta ya mikono ya wapigaji yameingia.